Wese linaishia kwenye breki: namna ya kupunguza mafuta kwa foleni hizi za Dar

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wenye magari wote tunafanya kitu kimoja, tunafungua simu kuangalia EWURA (wale wanaopanga bei ya mafuta) wametoa bei gani, ikishuka shilingi 40 tunafurahi, ikipanda tunalalamika, afu kesho yake tunaendesha vilevile kama jana. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka Agosti 2022 petroli Dar ilipogonga 3,410, na mimi naishi Kibamba kazi iko Posta. Bei sina la kuifanya, nikaanza kuhangaika na lita.

Haya hapa chini nimeyajaribu kwenye ka-Toyota IST kangu, cc 1290, gia otomatiki. Mengine nimejifunza kwa kuumia. La kwanza usiliruke, hayo mengine anza na lolote.

Hatua ya 1: Pima, acha kukisia

Mtu ukimuuliza gari yako inakulaje anakujibu kwa hela, "ya elfu ishirini natembelea siku tatu." Hiyo haisaidii kitu, maana bei inabadilika na foleni inabadilika. Fanya hivi: subiri mshahara uingie (najua fulu tanki siyo hela ya kila siku), jaza mpaka nozo ijikate yenyewe, mwambie kijana wa sheli aache hapohapo asiendelee kushindilia. Rudisha trip mita iwe sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida wiki nzima, afu rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka nozo ikate. Km ulizotembea gawanya kwa lita zilizoingia, basi.

Mimi mara ya kwanza nilitembea km 336 zikaingia lita 32, yaani km 10.5 kwa lita. Kigari cha cc 1290! Nikajua pampu wamenichezea, wiki ya pili nikahama sheli nikapata 10.7. Kumbe siyo pampu, ni mimi. Na usijipe presha ukisoma kwamba Wajapani waliiandikia gari kama yako km 18 kwa lita, ile ni namba ya maabara, na maabara hakuna Ubungo.

Nikapiga hesabu nikaona kwa mwendo wangu wa kama km 60 kwa siku, siku 22 za kazi, ni km 1,320 kwa mwezi. Kwa 10.5 nachoma karibu lita 126. Nikifika 13 nachoma kama 102. Lita 24 hizo, hata petroli ingekuwa 3,000 tu ni elfu sabini na mbili, umeme wa mwezi na chenji inabaki. Na kila lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Usishangae kwamba lita yenyewe haifiki hata kilo moja, kaboni iliyomo inaungana na oksijeni ya hewani ndiyo uzito unaongezeka. Kwahiyo hizo lita 24 ni kilo 55 za hewa ya ukaa kila mwezi kwa kigari kimoja tu, na wewe angalia mwenyewe magari mangapi yamepangana pale Kimara saa 12 asubuhi.

Hatua ya 2: Angalia mguu unakanyaga breki mara ngapi

Hapa ndipo penye hela, kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Gari ikiwa inatembea kuna mafuta umeshayachoma ili ifike hiyo spidi. Ukikanyaga breki ile spidi yote inageuka joto kwenye brake pedi na diski, inapotelea hewani. Yaani umenunua wese, umeliweka kwenye spidi, afu umelitupa, na sekunde tano baadae unanunua jingine. Sasa hebu mwangalie dereva wa kawaida kwenye foleni ya Mbezi kuja Kimara, gari ya mbele ikisogea mita 15 na yeye anapiga resi, anafika anabana breki mpaka gari inainama, anasubiri, anapiga resi tena. Mara mia mbili kabla hajafika Ubungo.

Dawa yake ni kuacha nafasi. Gari ya mbele ikiondoka usiikimbilie, achia breki tu, gari ya otomatiki ikiwa D inajisogeza yenyewe taratibu bila kukanyaga mafuta. Mara nyingi utakuta foleni inasimama, wewe bado unajivuta, na kabla hujaifikia imeshaondoka tena, hujagusa chochote. Kwa gari ya manyuo, gia ya kwanza au ya pili bila kukanyaga mafuta inafanya kazi hiyohiyo.

Najua mtakachosema, ukiacha nafasi Dar watu wanachomekea. Ndio, wanachomekea! Bajaji inaingia, boda inaingia, na yule jamaa aliyekuwa anatanua pembeni akimwona trafiki anarudi anaingia hapohapo kwako. Mwanzoni inauma kinoma, unajiona fala. Mimi nilihesabu siku moja kutoka Kibamba mpaka Magomeni wakanichomekea magari 19. Kumi na tisa ni kama mita mia na kidogo za foleni, dakika moja na nusu labda. Nikaamua nawauzia hiyo dakika.

La pili hapohapo: usiangalie bampa ya gari ya mbele, angalia ya tano au ya sita. Taa nyekundu za breki zikianza kuwaka kule mbele toa mguu kwenye mafuta sasahivi, usisubiri zikufikie. Ukiona trafiki katikati ya makutano kanyoosha mkono upande wako hata kama taa ni ya kijani, toa mguu. Daladala ikiwa mbele yako msome konda, akishaanza kuning'inia mlangoni na kugonga bodi ujue inasimama kituoni hata kama haijawasha indiketa (na haitawasha), kwahiyo ama unahama leni mapema ama unaachia mafuta. Hivi vitu vinaonekana vidogo ila Wizara ya Nishati ya Marekani wanasema uendeshaji wa fujo, wa kukanyaga na kubana, unapunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 10 mpaka 40 kwenye foleni ya simama-nenda. Asilimia 40! Hakuna dawa ya chupa ya kumimina kwenye tanki itakayokupa hiyo, hizo dawa acheni.

Hatua ya 3: Ondoka kiutu uzima

Taa ikiwa kijani hakuna zawadi ya wa kwanza. Ila pia usiende kama unaiba, kuna watu wakisikia kubana matumizi wanatoka 0 kufika 50 kwa dakika nzima, gari inakaa gia ndogo muda wote na nyuma watu wanapiga honi. Kanyaga kawaida, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) icheze kwenye 2,000 mpaka 2,500, ukishapata spidi unayoitaka legeza mguu kidogo, utasikia gia inapanda na mlio unashuka, hapo shikilia. Kama gari yako ina kile kitaa cha kijani cha ECO jitahidi kiwake muda mwingi. Wa manyuo pandisha gia mapema, usisubiri injini ilie.

Kipimo changu mimi ni mke wangu. Akisinzia mpaka tunafika Kimara nimeendesha vizuri, akishika kile kishikio cha juu ya mlango najua nimeharibu.

Hatua ya 4: Acha kuweka fri kwenye mteremko

Hii tumerithi kwa madereva wa zamani wa magari ya kabureta, na mpaka leo ukipanda taksi mteremkoni unasikia "tak," kaweka fri (gia ya N) eti anabana mafuta. Kwa gari za sasa zenye nozo (siyo ya sheli, zile za kumwaga mafuta kwenye injini) na kompyuta ni kinyume. Gari ikiwa kwenye gia, spidi ipo, na umetoa mguu kabisa kwenye mafuta, kompyuta inakata wese, nozo hazimwagi kitu, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri injini imeachwa peke yake kwahiyo lazima inywe mafuta ili isizime. Yaani unalipia kitu ulichokuwa unapewa bure, na juu yake breki sasa inabeba gari peke yake. Ukiwa unateremka Kitonga na familia nyuma, breki zikipata moto zinakosa nguvu na hapo habari ya wese imeshakwisha. Shuka na gia ndogo, 2 au L, toa mguu, gari itajishika.

Hatua ya 5: Zima

Gari ndogo ikiwa sailensi, yaani imesimama inaunguruma tu, inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, ukiwasha AC unasogea kwenye hiyo moja. Siyo nyingi ukiiangalia hivyo, ila jumlisha: foleni ya kuingia feri ya Kigamboni, kumsubiri mtoto getini shuleni, "nakuja dakika mbili" ya rafiki ambayo ni dakika ishirini. Kitaalamu ukisimama zaidi ya sekunde 10 kuzima na kuwasha upya ni nafuu kuliko kuunguruma, ila hizo ni gari mpya, sisi stata zetu zina miaka 18, mimi nimejiwekea dakika moja. Kama trafiki kaita upande mwingine na naona bado ana hamu nao, nazima.

Angalizo mbili. Usizime gari ikiwa bado inatembea, stelingi inakuwa nzito na breki inakosa msaada. Na kama betri yako ni ya kusukumwa asubuhi basi hatua hii isubiri. Getini shuleni mimi nimekuwa mkali hata kwa wenzangu, watoto wanatoka wamepanga mstari na pua zao ziko karibu na bomba za moshi za magari 30 yanayounguruma kuliko zetu.

Kuhusu kupasha gari asubuhi dakika kumi, kwa joto la Dar nusu dakika inatosha, ondoka tu kwa upole. Hata ndugu zangu wa Njombe na Makambako mwezi wa saba, injini inapata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama.

AC: mwendo mdogo fungua vioo, ukishakamata barabara 80 kwenda juu funga vioo washa AC, maana upepo unaoingia unaivuta gari. Februari mimi AC siizimi hata uniambie nini.

Hatua ya 6: Safari ndefu

Kila Desemba tunaenda Moshi, km 550 na ushee. Zamani nilikuwa wa kukanyaga 110, 120. Shida ya upepo ni kwamba haupandi sawa na spidi, ukitoka 80 kwenda 110 nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma inakaribia mara mbili. Afu ukweli ni kwamba hiyo 110 huishikilii, Chalinze mpaka Segera, Mombo, Same, kila baada ya kilomita kadhaa kuna kibao cha 50, matuta na trafiki na tochi yake ya kupimia spidi. Kwahiyo unapanda 110, unabana mpaka 50, unapanda tena, ileile hatua ya 2 ila sasa kwa bei ya juu zaidi. Na ukipigwa tochi ni elfu thelathini, kama lita kumi hizo zimeondoka kwa mkupuo. Siku hizi natembea 80 mpaka 90, nikiona kibao kwa mbali natoa mguu gari inashuka yenyewe mpaka 50. Mwaka jana nilichelewa kama dakika 40 kuliko zamani, tukala chakula cha baridi, ila nilifika na tanki ambalo sikutarajia.

Keria ya juu kama haina mzigo itoe. Na kama unaweza kupanga mizigo ndani ya buti panga ndani, boksi juu ya paa kwenye hailei linakula asilimia 6 mpaka 17. Mkungu wa ndizi wa kurudi nao unalala vizuri tu kwenye buti. Uzito nao, kila kama kilo 45 ni asilimia moja hivi kwa gari ya kawaida, kwahiyo yale matofali mawili na jeki ya lori uliyosahau tangu mwaka juzi yashushe.

Hatua ya 7: Kaa na fundi vizuri

Miezi miwili ya kujifunza mguu ilinitoa 10.5 mpaka 11.6, ikagoma hapo. Kumbe kuna kitu. Fundi mmoja wa mtaani alishawahi kunitolea themostati, "nchi ya joto hii bosi, haina kazi, itakuunguzia gasketi." Nikaona ana akili. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inaamini gari ndio kwanza imewashwa inaendelea kumwaga wese la asubuhi mchana kutwa. Dalili yake ni mshale wa joto kukaa chini, au kwenye gari nyingi ndogo ile taa ya bluu inachelewa kuzimika au haizimiki kabisa barabara kuu. Nimeendesha hivyo mwaka mzima. Nilivyorudisha themostati nikaruka mpaka 12.8, hela ya ukarabati ikarudi ndani ya miezi miwili. Kama gari inachemsha tafuta kwanini inachemsha, feni, rejeta, kifuniko, usikubali kutolewa kitu.

Mwenye gari za zamani kidogo, kina Carina na Noah zenye gia nne, angalia dashibodi. Kuna maandishi ya O/D OFF yamewaka? Basi umezima gia ya mwisho bila kujua, kuna kitufe kwenye mpini wa gia, kibonyeze taa izime. Kuna mzee mmoja jirani yangu ametembea hivyo Dar mpaka Dodoma akidhani ile taa inamaanisha kila kitu kiko sawa.

Oili: soma kifuniko au kitabu cha gari. Injini nyingi za hivi vigari zinataka 5W-30, zingine nyembamba zaidi, sisi tunawekewa 20W-50 nzito kama uji kwa sababu "gari imechoka". Nzito maana yake injini inatumia nguvu zaidi kujizungusha.

Taa ya chek injini ikiwaka usiweke solotepu. Nenda kapime na mashine, sensa ya oksijeni ikifa gari inaweza kula mpaka asilimia 40 zaidi, na moshi unanuka. Ea klina badilisha kwa ajili ya vumbi, ila usitegemee wese lipungue kwa kuibadilisha, kwa gari za nozo chafu yake inapunguza nguvu tu, mafuta kompyuta inajirekebisha.

Upepo wa matairi: stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukiona 220 imeandikwa hiyo ni kPa, ni kama PSI 32. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, mara mbili kwa mwezi. Watu wanatia chumvi hapa, PSI 10 pungufu ni kama asilimia 2 tu ya mafuta, ila tairi linaisha pembeni na linaweza kupasuka barabarani, kwahiyo jaza.

Na masega. Kuna watu wanapita mitaani wananunua masega ya eksozi, mafundi wengine wanakushawishi uyatoe gari "ipumue". Yananunuliwa kwa sababu ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, siyo kwa sababu wanakuhurumia. Kazi yake ni kugeuza sumu kama kaboni monoksaidi kabla haijatoka kwenye bomba. Ukiyauza unabaki na gari inayomwaga sumu kwenye pua ya boda aliye nyuma yako na wese halipungui hata kijiko.

Hatua ya 8: Mambo madogo ya sheli na nyumbani

Habari ya kujaza alfajiri kwa sababu mafuta yamesinyaa, achana nayo, matanki ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kiasi hicho kwa siku. Nozo ikishajikata usiongeze, ziada inaingia kwenye mfumo wa mvuke na kuuharibu. Usizoee kutembea na taa ya mafuta imewaka, pampu ya ndani ya tanki inapozwa na mafuta yenyewe.

Safari fupifupi ndizo mbaya kuliko zote maana injini baridi inakunywa zaidi, kwahiyo sokoni, duka la dawa na saluni ya mama watoto nafanya kwa mzunguko mmoja Jumamosi. Siku nikiwa sina mizigo naacha gari Kimara napanda mwendokasi, siku hiyo hata hesabu sipigi.

Sasahivi nacheza kwenye 13, wiki yenye mvua inashuka 12.3. Mwezi uliopita shemeji yangu aliazima gari siku nne, Kibamba hadi Posta, njia ileile. Aliporudisha nikaenda sheli nikajaza fulu, nikagawanya: 9.4. Wiki hii kanipigia tena, nimemwambia iko kwa fundi.